Ukufunzi wa umakini

Ukufunzi wa umakini ni msaada wa ana kwa ana unaomwezesha mtu kutambua kinachomtoa kwenye kazi na kujiwekea utaratibu wa kukikabili. Mkufunzi hahutubii, huuliza, husikiliza na kufuatilia.

Mkoani Pwani, Tanzania, shule za bweni kama Minaki, wilayani Kisarawe, na Sekondari ya Kibaha, iliyoanzishwa miaka ya 1960 kwa ushirikiano na nchi za Nordiki, zina nidhamu ya prepo, yaani muda wa kujisomea: kengele, mwalimu wa zamu, simu marufuku. Nidhamu hiyo ni hazina, ila humlinda mwanafunzi bila kumfundisha kujilinda. Likizo ikianza, simu humteka. Pengo hilo ndilo mkufunzi analoliziba. Kwa mfano, mwanafunzi anayefanya maswali ya fizikia huweka karatasi kando ya daftari. Wazo la ada au mpira likimjia, huliandika kwa neno moja na kurudi kwenye swali. Baadaye hupitia karatasi hiyo na mkufunzi, wakatafuta kinachojirudia.

Mara nyingi chanzo cha kukosa umakini ni njaa au usingizi mchache, na mambo hayo hutangulia kushughulikiwa. Tatizo lililodumu tangu utotoni huhitaji daktari, si mkufunzi peke yake.