Ukungu Katika Mapafu ya Ndege

Chama Kikuu chetu kitimizapo miaka kumi, yatupasa kukumbuka adui aliyetuulia vifaranga wengi, nasi tukidhani ni kideri.

Mwaka 1729 mtaalamu wa mimea Mwitalia, Pier Antonio Micheli, aliona katika hadubini ukungu uliofanana na kinyunyizio cha maji ya baraka, akaupa jina la chombo hicho. Mwaka 1863 Mjerumani Georg Fresenius aliueleza ukungu wa jamii hiyo, alioukuta katika mifuko ya hewa ya ndege. Ugonjwa wake ukaitwa asperigilosisi. Tena mwaka 1890 matabibu wa Paris walieleza habari za watu waliolisha njiwa nafaka kwa vinywa vyao: nao walishikwa na maradhi ya mapafu yaliyofanana na kifua kikuu.

Basi hatari hii ni ya ndege na ya mfugaji pia. Kifaranga hutweta mdomo wazi, kisha hufa. Chanjo hakuna, na dawa ya kutegemewa bandani hakuna. Chanzo ni nafaka na matandiko yaliyolowa yakaota ukungu. Ghala kavu na banda lipitishalo hewa ndiyo kinga yetu.