Maneno ya Mchoraji kama Chanzo cha Historia: Tshibumba Kanda Matulu na Picha za Zaire

Katika maonyesho mengi ya sanaa, kando ya kila picha hubandikwa karatasi ndogo yenye jina la msanii, jina la picha, mwaka na pengine bei. Msanii mwenyewe husimama karibu, na mgeni akimuuliza, humweleza alichora nini na kwa nini alikichora hivyo. Maonyesho yakiisha, picha hununuliwa au hurudishwa nyumbani, lakini maelezo yale ya mdomo hayabaki popote. Insha hii inaichunguza hasara hiyo kwa jicho la mwanafunzi wa historia. Hoja yangu ni kwamba maelezo ya mchoraji kuhusu kazi yake ni chanzo cha historia kinachostahili kuhifadhiwa pamoja na picha, tena kwa lugha ile ile aliyoitumia kuisimulia. Nitaitetea hoja hiyo kwa mfano wa Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi aliyesimulia historia ya nchi yake kwa picha na kwa Kiswahili.

Kwa sisi tunaosoma hapa Rusizi, mfano huo hauko mbali kama ramani inavyoonyesha. Ukitoka Gihundwe na kushuka hadi mpakani, Bukavu unaiona kwa macho ng'ambo ya mto. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, na darasani tunafundishwa Kiswahili sanifu. Lakini Kiswahili kinachosikika sokoni Kamembe ni kile cha Kongo, kilichochanganyika na Kifaransa, ambacho mara nyingi huitwa kibovu. Kiswahili cha Lubumbashi si sawa na cha Bukavu, ila vyote viwili vimebeba dharau ya namna moja. Kwa hiyo si jambo dogo kujua kwamba historia nzima ya taifa imewahi kusimuliwa kwa lugha ya aina hiyo, na kwamba masimulizi hayo yamehifadhiwa.

Tshibumba alizaliwa mwaka 1947 katika mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Alipokuwa kijana, mji huo ulikuwa na wachoraji wengi waliojitafutia riziki kwa kuuza picha mtaani na nyumba kwa nyumba. Walichora kwenye vitambaa vya magunia ya unga, na wateja wao walikuwa wafanyakazi wa migodini na wa reli, makarani na walimu, waliozitundika picha hizo sebuleni. Mada zilijulikana na kurudiwa mara nyingi: kijiji cha zamani, mamba muntu ambaye ni nusu mwanamke na nusu samaki, misafara ya watumwa, na mateso ya enzi ya Wabelgiji. Wachoraji na wateja walikuwa na neno moja la kueleza kazi ya picha hizo: ukumbusho. Picha nzuri ilikuwa ile iliyomkumbusha mwenye nyumba jambo fulani, na mgeni alipoketi ikawapa habari ya kuzungumza. Kwa maana hiyo picha haikukamilika ilipokauka rangi. Ilihitaji watu wa kuisimulia.

Mwishoni mwa mwaka 1973 Tshibumba alikutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu mjini Lubumbashi. Katika mazungumzo yao ilidhihirika kwamba mchoraji huyu alitaka kuchora historia ya nchi yake tangu mwanzo, na Fabian akakubali kuzinunua picha hizo. Kati ya 1973 na 1974 Tshibumba alichora picha zaidi ya 100. Alizileta kwa mafungu, na kila alipozileta alisimulia picha moja baada ya nyingine mbele ya kinasa sauti, kisha wakajadiliana. Mfululizo huo unaanza kabla ya kuja kwa Wazungu, unampitia Msiri na Mfalme Leopold II, unafika kwenye uhuru wa mwaka 1960 na kujitenga kwa Katanga, na unaendelea hadi utawala wa Mobutu. Fabian alichapisha picha na mazungumzo hayo katika kitabu mwaka 1996. Jambo moja liko wazi humo: Tshibumba alijiona kuwa mwanahistoria anayetumia rangi, wala hakukubali kuwa mpambaji wa kuta tu.

Mfano wa kwanza wa hoja yangu ni picha iliyopendwa sana na wateja, yenye maandishi ya Kifaransa COLONIE BELGE 1885-1959. Mfungwa amelazwa chini, askari Mwafrika anampiga kiboko, na afisa Mbelgiji anasimama akitazama. Mwanafunzi aliyesoma vitabu vya shule atasema tarehe hizo si sahihi. Mwaka 1885 Kongo ilikuwa mali ya Leopold II. Ilikuwa koloni la Ubelgiji tangu 1908, na utawala huo ulikoma tarehe 30 Juni 1960. Lakini tarehe hizo zinaweza kusomwa kama hoja. Kwa aliyelala chini ya kiboko, mabadiliko ya mwaka 1908 yalikuwa ya karatasi: bendera ilibadilika, kiboko kikabaki. Na mwaka 1959, ulioanza kwa machafuko ya Januari mjini Léopoldville, ndio mwaka ambao wengi waliona hofu ya serikali ya kikoloni ikivunjika. Hiyo ni tafsiri yangu, na inawezekana kwa sababu tunajua, kutokana na maneno yake, kwamba mchoraji huyu alikusudia kuandika historia. Tusingejua hilo, tungezihesabu tarehe zake kuwa makosa ya mtu ambaye hakusoma, na tungeishia hapo.

Mfano wa pili ni mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière. Desemba 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili, wafanyakazi wa Elisabethville waligoma wakidai mishahara zaidi kwa kuwa bei za bidhaa zilikuwa zimepanda. Tarehe 9 Desemba askari waliwafyatulia risasi, na idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo. Tshibumba aliyachora mauaji hayo ingawa alizaliwa miaka 6 baadaye. Kama shahidi wa macho hana thamani. Thamani yake iko mahali pengine: picha na masimulizi yake vinatuonyesha jinsi mauaji hayo yalivyokumbukwa mjini miaka 30 baadaye, katika nyumba za watu ambao hawakuwa na nafasi ya kuandika ripoti.

Mfano wa tatu ndio mzito kuliko yote. Patrice Lumumba aliuawa karibu na Elisabethville tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Katika picha yake ya kifo hicho Tshibumba aliweka misalaba mitatu, kama ile ya Golgota. Mtu akiiona peke yake anaweza kudhani ni pambo la Kikristo, au kwamba mchoraji aliamini watu hao walisulubiwa. Maelezo yake yanaondoa utata: kwa maoni yake, Lumumba alikuwa kama Yesu wa Zaire, mtu aliyekufa kwa ajili ya wengine. Msalaba ni hukumu yake juu ya maana ya kifo kile. Tena tukumbuke kwamba miili ya watu hao watatu haikuachiwa kaburi. Ilifukuliwa na kuyeyushwa kwa asidi ili isibaki alama yoyote. Jino moja tu la Lumumba lilirudishwa na Ubelgiji kwa familia yake mwezi Juni 2022. Kwa zaidi ya miaka 60 hapakuwa na kaburi la kuwekea ukumbusho, na katika muda huo kitambaa cha gunia la unga kilifanya kazi hiyo sebuleni kwa watu.

Kuna pingamizi mbili zinazofaa kujibiwa. Ya kwanza inasema kwamba kazi hii ilifanywa kwa ajili ya mnunuzi mmoja, tena profesa mgeni, kwa hiyo si kumbukumbu ya wananchi. Ni kweli kwamba bila fedha za Fabian mfululizo mrefu kiasi hicho usingepatikana. Hata hivyo picha kadhaa zilizomo zilikuwa zikiuzwa tayari kwa wenyeji, na maswali ya Fabian yamo ndani ya kanda, hivyo msomaji anaweza kuona ni wapi jibu lilisukumwa na swali. Pingamizi ya pili inahusu hofu. Zaire ya 1973 na 1974 ilikuwa chini ya Mobutu na chama kimoja cha MPR, na mtu hakuweza kusema kila kitu. Hilo nalo ni kweli, na linatutaka tusome kwa uangalifu zaidi. Kanda hutunza kusita na kuzunguka kwa msemaji, mambo ambayo karatasi ndogo ya ukutani haiwezi kuyatunza.

Linabaki suala la lugha. Juu ya picha Tshibumba aliandika Kifaransa, lugha ya shule na ya serikali. Alipozisimulia alitumia Kiswahili cha Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, akichanganya Kifaransa alipohitaji. Kitabu cha 1996 kilimtafsiri kwa Kiingereza, na maneno yake ya Kiswahili yakawekwa baadaye kwenye intaneti kwa mradi wa watafiti wa Amsterdam. Picha zenyewe ziko mji huo huo, katika makumbusho yaliyojulikana kwa muda mrefu kama Tropenmuseum. Tshibumba hajulikani alipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwanafunzi wa Rusizi hana uwezo wa kwenda kuziona picha, lakini maneno anaweza kuyasoma bila mkalimani, mradi asiyadharau kwa kuwa si sanifu.

Nyumbani kwetu jambo hili lina uzito ule ule. Imigongo, michoro ya mistari na pembe inayoundwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, imetokea Gisaka mashariki mwa Rwanda, na mapokeo humtaja Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi. Leo hutengenezwa hasa na wanawake wa Kirehe, na huuzwa Kigali na nje ya nchi. Anayenunua bila maelezo ya mtengenezaji anapeleka nyumbani pambo zuri la rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu, basi.

Kwa hiyo maonyesho ya sanaa yanapoandaliwa, hapa Gihundwe au kwingineko, wanafunzi wa historia tuna kazi ya kufanya ambayo haihitaji fedha nyingi. Tuombe ruhusa ya msanii, turekodi anavyoieleza kila kazi kwa Kinyarwanda au kwa Kiswahili chake, tuandike tarehe na mahali, na tuiache nakala mikononi mwake na katika maktaba ya shule. Tusimsahihishe lugha. Miaka 50 kutoka sasa huenda picha zitakuwa zimesambaa, na atakayetaka kujua watu wa Rusizi walikumbuka nini wakati huu atauliza kwanza walisema nini.