KUMBE PRINTA YA WINO INAYOTUMIA JOTO ILIANZA KWA AJALI! Soma hii kabla hujanunua ya kusafishia picha nyumbani

Wadau, picha zimejaa kwenye simu mpaka simu inagoma, ila siku ikiibiwa ndo zimekwenda zote. Ndo maana wengi siku hizi wanatafuta printa ya picha ya nyumbani. Dukani swali la kwanza huwa "bei gani?" Historia ya mashine hii inaonyesha swali la kwanza ni lingine kabisa: inatumia wino gani?

Mwaka 1977 huko Japan, mhandisi mmoja wa Canon alikuwa maabara. Chuma cha moto cha kulehemea kikagusa bahati mbaya sindano ya bomba lenye wino. Wino ukaruka! Jamaa hakukasirika, akashtuka: kumbe joto linaweza kurusha wino. HP kule Marekani nao walikuwa njia hiyohiyo, na 1984 wakatoa ThinkJet. Ila zile za mwanzo zilikuwa za maandishi ya ofisini, siyo picha.

Picha zilikuja na mwanamuziki. Staa mmoja wa rock, Mwingereza aliyehamia California, alinunua mashine ya Iris kwa dola 126,000. Ilitengenezwa kwa ajili ya viwanda vya uchapaji, kumwonyesha mteja rangi kabla kazi haijachapwa. Yeye na wenzake wakaikata kwa msumeno ili ipokee karatasi nene, waranti ikafa palepale. Mwaka 1991 wakafungua studio. Picha zilikuwa kali balaa! Shida ikawa moja: wino wa Iris haukutengenezwa udumu. Picha ya hela nyingi inatundikwa ukutani, baada ya miaka michache inapauka.

Mwaka 1994 Epson wakaleta Stylus Color, nukta 720 kwa inchi, kwa bei ya mtu wa kawaida. Raha ikaingia majumbani. Halafu mwaka 2000 likazuka balaa: picha kutoka kwa baadhi ya printa zao mpya zikaanza kugeuka rangi ya chungwa, nyingine ndani ya wiki chache tu. Mchawi siyo jua peke yake, ni gesi ya ozoni iliyomo hewani. Mwaka huohuo wakatoa Stylus Photo 2000P, yenye wino wa pigimenti.

Tofauti ni hii. Wino wa kawaida wa rangi unayeyuka kwenye maji kama sukari kwenye chai. Unang'aa, unapendeza, ila mwanga na hewa vinaula haraka. Pigimenti ni chembechembe ndogo sana zinazokaa juu ya karatasi, kwa hiyo zinavumilia zaidi. Bei yake nayo imechangamka.

Upande wa bei, mapinduzi yalianzia Indonesia. Watu walichoka kununua katriji, wakaunganisha mipira na machupa ya wino pembeni ya printa. Mwaka 2010 Epson wakaona bora wauze wenyewe printa zenye tenki.

Sasa chagua kwa akili. Picha za albamu na za kugawia ndugu, printa ya tenki yenye wino wa kawaida inatosha. Ya kutundika ukutani, tafuta pigimenti, au angalau iweke kwenye fremu yenye kioo, mbali na dirisha. Usimimine pigimenti kwenye printa ya wino wa kawaida, matundu yataziba. Wino wa kujazia usio na jina uogope, hata kama muuzaji anaapa. Na usiiache printa miezi bila kuitumia, wino unakauka kwenye kichwa.

Picha ya harusi ya bibi na babu iliyosafishwa studio enzi za filamu bado ipo kwenye albamu, wajukuu wanaicheka mitindo. Ya kwako wajukuu wataikuta, au watakuta karatasi ya chungwa?