Majirani Watatu wa Gede na Sheria Zao



Kila mjadala wa katiba unapozuka Kenya, swali moja hurudi: je, wenyeji waachwe waishi kwa sheria zao wenyewe, au watu wote wawe chini ya sheria moja? Wengi wetu tukilisikia twakimbilia jibu moja tu: "Mahakama ya Kadhi ni haki yetu!" Naam, ni haki yetu. Lakini hebu tusimame kidogo pale Gede, tuangalie kulia na kushoto, kwani hatukai peke yetu.

Magofu ya Gede twayajua sote. Ni mji wa Waislamu wenye msikiti mkuu, jumba la mfalme na visima, uliohamwa kufikia karne ya 17. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Leo wengi wanaoishi kuzunguka magofu hayo ni Wagiriama, wakichanganyika na Waswahili, Wabajuni na wengineo. Ukielekea bara, kwa kufuata mto Sabaki, utawakuta Waata, ambao majirani huwaita Wasanye au Walangulo. Basi hawa ni majirani watatu, na kila mmoja alikuwa na sheria yake kabla ya Mwingereza kufika. Tuone kila mmoja alifanyiwa nini.

Tuanze na sisi. Tarehe 14 Disemba 1895 Waingereza walitiliana mkataba na Sultani wa Zanzibar, Sayyid Hamid bin Thuwaini, wakachukua usimamizi wa ukanda wa maili 10 wa pwani. Bendera ya Sultani ilibaki, na Waislamu wakabaki na mahakama za maliwali, mamudiri na makadhi. Uhuru ulipokaribia, mwezi wa Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, waliandikiana barua. Waliahidiana kwamba dini itakuwa huru, Kadhi atabaki, na hati za ardhi za ukanda ule zitatambuliwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, inampa Kadhi mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na urithi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa naye. Haikuja kirahisi. Mei 2010 Mahakama Kuu ilitoa uamuzi dhidi ya Kadhi kuwemo katika katiba ya zamani, na tarehe 4 Agosti mwaka huo huo wananchi wakaipitisha katiba mpya yenye Kadhi ndani yake.

Sasa jirani wa pili. Mahakama ya Mgiriama ilikuwa kaya. Wazee waliketi, mashahidi wakasikizwa, na penye utata watu wakala kiapo. Mwingereza alisema anaheshimu mila, lakini heshima hiyo iliisha alipotaka kodi, na vijana wakafanye kazi katika mashamba ya wazungu. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya watu, wakala viapo vya kukataa. Alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa mbali hadi Kisii. Januari 1914 walitoroka wakarudi kwao kwa miguu. Agosti mwaka huo serikali ikailipua Kaya Fungo kwa baruti. Fikiria, msomaji: ni kama mtu aje alipue mahakama yako na mahali pako pa ibada kwa siku moja.

Na kabla ya baruti ilikuja karatasi. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye shamba katika ukanda wa pwani apeleke dai lake serikalini. Waarabu na Waswahili wenye mali, waliozoea milki ya mtu binafsi na maandishi, wengi wao walipata hati. Mmijikenda, ambaye ardhi yake ilikuwa ya ukoo na ushahidi wake ni mzee anayekumbuka, hakutambuliwa. Ardhi isiyokuwa na hati ikahesabiwa kuwa ya serikali ya Kiingereza. Ndiyo maana hadi leo kuna watu Kilifi na Malindi wanaoitwa maskwota mahali walipozikwa babu zao. Na tusisahau kwamba Waswahili na Wabajuni wengi maskini nao wamo humo humo.

Jirani wa tatu ndiye aliyepata kidogo kabisa. Waata waliishi kwa uta na mishale, wakiwinda ndovu. Mwaka 1948 Tsavo ikafanywa mbuga ya taifa. Mwaka 1956 na 1957 serikali ikaendesha msako mkubwa, na Waata wengi wakafungwa kwa ujangili. Mradi wa Galana ulioanzishwa mwaka 1960 ili wawinde kwa ruhusa haukudumu, na mwaka 1977 uwindaji ukapigwa marufuku nchi nzima. Kazi ya babu ikawa kosa la mjukuu, na yeye hakuulizwa.

Umeona? Wote watatu walikuwa wenyeji wenye sheria zao. Aliyekuwa na mkataba na karatasi alisikizwa. Aliyekuwa na kaya alipigwa. Aliyekuwa na uta alifungwa. Kwa hivyo tukisema sheria yetu ilindwe kwa sababu tulikuwepo kabla ya mkoloni, hoja hiyo hiyo ni ya Mgiriama na ya Mwata. Hatuwezi kuitumia sisi halafu tukawanyima wao.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema kila kabila lipewe sheria yake kwa kila jambo. Chukua nyumba ya kawaida pale Gede: baba kasilimu, kaka yake ni Mkristo, mama mzazi anafuata mila. Baba akifariki, ami atasema shamba ni la ukoo, na binti hapati kitu. Sharia inampa binti fungu lake. Ukisema "Wagiriama wahukumiwe Kigiriama", umemdhulumu binti Mwislamu. Ukisema wote waende kwa Kadhi, umemlazimisha ami asiyekuwa Mwislamu. Sheria ya namna hii yafaa imfuate mtu na ridhaa yake, si kabila lake.

Pia kuna mpaka. Wazee wa Kilifi wamekuwa wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi, na wengine wanaofanya hivyo hujificha nyuma ya mila. Uhai wa mtu hauna sheria ya kabila. Hata Azimio la Umoja wa Mataifa juu ya watu wa asili la mwaka 2007, ambalo Kenya haikulipigia kura upande wowote, linakubali taratibu zao za hukumu mradi zisivunje haki za binadamu.

Basi msimamo wangu ni huu. Ndoa, urithi na usuluhishi wa nyumbani, watu waachiwe sheria yao kwa ridhaa. Uhai, sheria moja kwa wote. Na ardhi itambuliwe kwa ushahidi wa kila mmoja, awe na hati au awe na mzee anayekumbuka. Madrasa tumesoma kwamba desturi ya watu huzingatiwa isipogongana na sharia, na Suratun Nisaa, aya ya 135, yatuamrisha kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Nafsi zetu, ndugu yangu, ni pamoja na hati zetu za ardhi.

Mwezi huu tunafuturu na majirani. Tukiwa nao mkekani, tuwaulize pia kuhusu mashamba yao. Allah atutakabalie funga zetu na atujaalie uadilifu. Amin.

Wabillahi tawfiq.