Ukuta wa Nzilo na Kanuni za Mto

Ukisimama juu ya ukuta wa bwawa la Nzilo, karibu na Kolwezi, utaona jinsi maji ya Lualaba yalivyobanwa baina ya majabali ili yazungushe mitambo ya umeme. Bwawa hilo, lililojengwa na kampuni ya Union Minière mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya shaba, liliitwa Delcommune zama za Wabelgiji, hatimaye likavikwa jina la Nzilo. Jina lilibadilika, kazi haikubadilika. Na sheria za mazingira katika nchi hii ya Kongo zimekwenda takriban mwendo huo huo.

Wakati wa chama kimoja, MPR, kilichoasisiwa mwaka 1967, mwaka ule ule serikali ilipoitwaa Union Minière, mjadala wa mazingira haukuwapo, kwani mwenye kuchimba, mwenye kutawala na mwenye kukagua alikuwa mmoja: maji machafu ya kiwanda cha Luilu yakienda mtoni, nani angemshitaki nani?

Vyama vingi viliruhusiwa Aprili 1990, na vita vikiwa havijaisha ikaja Kanuni ya Madini ya tarehe 11 Julai 2002, iliyomtaka kila mwenye kampuni alete uchunguzi wa athari kabla ya kuchimba. Ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018, wakuu wa makampuni walifunga safari hadi Kinshasa kumwona Rais Joseph Kabila, na mojawapo ya hoja zao ilikuwa mrabaha wa kobalti, ambao hatimaye ulipanda kutoka asilimia 2 hadi 10. Ilhali humo humo mlikuwa na kifungu kizito kuliko mrabaha, kimlazimucho mchimbaji kulipia madhara ya mazingira hata asipokuwa na kosa. Nacho hakikupigiwa kelele hata robo ya zile za fedha.

Marekani chama kishindacho mara nyingi hufuta kanuni za kilichotangulia. Hapa sivyo: Félix Tshisekedi wa chama cha UDPS alishika dola Januari 2019, ushirika wake na kambi ya Kabila ukavunjika Desemba 2020, na kanuni ile ikabaki ilivyo, bila kufutwa wala, kwa maoni yangu, kutiwa nguvu. Akina mama wangali wakiosha mawe ya madini mtoni, maji yamewafika magotini, na kila ungo ukitikiswa tope jekundu hushuka na mkondo.

Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti. Sababu ilikuwa bei, si mto.