Haki ya Kuingia Katika Kiwanja cha Jirani kwa Ajili ya Matengenezo

Wapo miongoni mwetu wenye watoto na ndugu waliohamia Uingereza na kununua nyumba huko. Nyumba nyingi za mijini kule zimejengwa zikigusa mpaka, hata ukuta wa ubavuni haufikiki ila kwa kusimama katika ua wa jirani. Mvua ikiupenya ukuta huo, na jirani akakataa kufungua lango, mwenye nyumba ana haki gani?

Kwa asili hakuwa nayo, isipokuwa hati ya nyumba iwe imeitaja. Aliyeingia bila idhini, hata akiwa na ngazi na ndoo ya rangi tu, alitenda kosa la madai. Ndipo Bunge likatunga, mwaka 1992, sheria ya kuingia katika ardhi ya jirani, iliyoanza kutumika tarehe 31 Januari 1993. Kwa sheria hiyo, aliyekataliwa aweza kuiomba mahakama amri ya kumruhusu kuingia, yeye au mafundi wake.

Amri haitolewi ovyo. Kazi sharti iwe ya lazima kwa kuihifadhi mali: kukarabati jengo, kuzibua bomba au mtaro, kukata mti wenye hatari. Tena iwe haiwezekani, au ni ngumu mno, bila kuingia kwa jirani. Hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani sheria hii itawasaidia kuongeza chumba kipya. Haikutungwa kwa ajili hiyo. Wala si haki ya upande mmoja. Ikiwa jirani ataumizwa kupita kiasi, tuseme ni mgonjwa asiyeweza kuvumilia vumbi na kelele dirishani pake, mahakama yaweza kukataa ombi hata kama ukuta unabomoka. Nasi twaona ni haki iwe hivyo. Ikikubali, hutaja kazi, mahali na siku, na yaweza kuagiza fidia ya hasara. Ada ya ruhusa yenyewe hailipwi kwa ardhi ya makazi.

Ukuta unaowagawa majirani wawili una sheria yake, ya mwaka 1996. Anayetaka kuutengeneza humpa mwenzake notisi ya maandishi miezi miwili kabla ya kuanza, na notisi ya siku 14 kabla ya kuingia kwake, isipokuwa kuna dharura. Wasipokubaliana, huteuliwa mtaalamu wa majengo aamue. Baada ya taratibu hizo kutimizwa, mkaaji anayezuia mafundi huku akijua haki yao hutenda kosa la jinai.

Basi ndugu zetu waanze kwa kubisha hodi, kisha waandike barua na kutunza nakala yake. Sheria zote mbili ni za England na Wales. Aliyenunua nyumba Scotland amwulize wakili wa huko.