Red Men: Udugu uliovaa manyoya ya wenyeji na kuwafungia mlango

USIKU wa Desemba 16, 1773, makumi ya wanaume walishuka katika bandari ya Boston, wakapanda meli tatu na kutupa baharini masanduku 342 ya majani chai. Boston ilikuwa ingali chini ya mfalme wa Uingereza, nao walikuwa wakipinga ushuru waliotozwa na bunge la London ambamo hawakuwa na mwakilishi hata mmoja. Baadhi yao walijipaka masizi usoni na kujitanda mablanketi ili waonekane kama watu wa kabila la Mohawk, mojawapo ya makabila ya wenyeji asilia wa Marekani ambao kwa muda mrefu waliitwa Wahindi Wekundu.

Kutokana na usiku huo, chama cha kizalendo kiitwacho Improved Order of Red Men, yaani Udugu wa Watu Wekundu Ulioboreshwa, hujitangaza kuwa mrithi wa Wana wa Uhuru, kundi la siri lililoanza kupinga utawala wa Waingereza mwaka wa 1765. Dai hilo ni la fahari kuliko la hati. Kinachothibitika ni kwamba mwaka wa 1813, Marekani ilipokuwa vitani tena na Uingereza, askari wa kujitolea katika ngome ya Fort Mifflin, karibu na Philadelphia, waliunda Chama cha Watu Wekundu. Baada ya vita chama hicho kilipata sifa ya ulevi kuliko ya uzalendo, nacho kikafifia.

Mwaka wa 1834, wanaume wachache mjini Baltimore waliamua kukifufua bila chupa. Ndiyo maana neno “ulioboreshwa” likatiwa katika jina. Waliuweka udugu huo juu ya nguzo tatu: uhuru, urafiki na ukarimu. Mwanachama alitakiwa kuipenda nchi yake, kuiheshimu bendera, kumsaidia mwenzake na kuhifadhi mila za wenyeji asilia, au angalau zile ambazo waanzilishi walidhani ndizo mila zao.

Mila hizo zilitawala kila kitu. Tawi liliitwa kabila na eneo la jimbo likaitwa hifadhi. Kiongozi wa tawi alikuwa Sachem, jina la machifu wa pwani ya mashariki, na mtunza hazina akawa mtunza shanga. Mkutano haukufunguliwa, bali moto wa baraza uliwashwa. Haukufungwa, bali moto ulizimwa. Dola moja iliitwa pima, senti kumi zikawa futi na senti moja inchi. Asiyekuwa mwanachama aliitwa mwenye uso uliopauka, ijapokuwa waliomwita hivyo walikuwa weupe kama yeye.

Hata kalenda ilibadilishwa. Miaka ilihesabiwa kuanzia 1492, mwaka ambao Christopher Columbus alifika katika visiwa vya Karibi. Ni vigumu kuwaza tarehe ambayo mwenyeji halisi wa nchi hiyo angeichagua kwa nadra zaidi, kwani kwake huo ndio mwaka ulioanza kumletea magonjwa, bunduki na kuporwa ardhi.

Chini ya manyoya na ngoma, hata hivyo, kulikuwa na jambo la maana sana kwa mtu wa kipato kidogo. Marekani ya karne ya 19 haikuwa na mpango wa taifa wa kumlinda mfanyakazi aliyeugua wala mjane aliyeachwa na watoto. Sheria ya hifadhi ya jamii ilipitishwa mwaka wa 1935. Kabla ya hapo, mwanachama wa Red Men alitoa ada yake, na alipougua udugu ulimpa posho, na alipofariki ulisaidia mazishi yake na kuwaangalia mayatima wake. Msomaji anayejua vyama vya kufa na kuzikana hapa kwetu ataelewa mara moja kwa nini seremala na mfanyakazi wa reli walivumilia kuitana majina ya ajabu kila wiki.

Wanawake hawakuwa na nafasi ndani ya udugu huo hadi mwaka wa 1885, baraza kuu lilipoidhinisha tawi lao, Degree of Pocahontas. Baraza la kwanza la tawi hilo lilianzishwa Philadelphia mwaka wa 1887. Lilipewa jina la binti wa chifu Powhatan wa Virginia, aliyetekwa na Waingereza mwaka wa 1613, akabatizwa, akaolewa na mlowezi John Rolfe na kufariki Gravesend, Uingereza, mwaka wa 1617 akiwa bado kijana. Wanachama walimwona kama kielelezo cha huruma na amani kati ya mataifa mawili. Kutekwa kwake hakukupewa uzito huo.

Wanaume wa Red Men waliruhusiwa kujiunga na tawi hilo, lakini kiti cha mbele kilikuwa cha mwanamke aliyechaguliwa na kuitwa Pocahontas. Wanawake waliendesha mikutano, wakapiga kura, wakaweka hesabu za fedha na kupanga misaada kwa wagonjwa. Katiba ya Marekani ilipowahakikishia wanawake haki ya kupiga kura mwaka wa 1920, wanachama hao walikuwa na uzoefu wa zaidi ya miaka 30 wa kuchagua viongozi wao wenyewe.

Lakini udugu huo ulikuwa na mpaka. Masharti ya mwaka wa 1886 yalisema, kwa lugha ile ile ya majua na Roho Mkuu, kwamba anayeweza kupokelewa ni mwanamume mweupe, huru na mwenye tabia njema, aliyetimiza miaka 21. Mmohawk halisi, ambaye sura yake iliigwa bandarini Boston, hangeruhusiwa kupita mlangoni. Mwamerika mweusi pia alizuiwa.

Nje ya ukumbi historia iliendelea bila maigizo. Miaka minne kabla ya mkutano wa Baltimore, bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuwahamisha wenyeji kutoka mashariki, na mnamo 1838 na 1839 maelfu ya Wacherokee walikufa njiani wakiswagwa kuelekea magharibi. Mwaka ule ule wa 1887 ambapo baraza la kwanza la Pocahontas liliwasha moto wake, bunge lilipitisha Sheria ya Dawes iliyogawanya ardhi ya pamoja ya makabila vipande vipande. Kufikia 1934 ardhi yao ilikuwa imepungua kutoka takriban ekari milioni 138 hadi milioni 48. Baadhi ya wenyeji hao hawakutambuliwa kuwa raia wa nchi yao hadi 1924.

Hayo hayakuzuia udugu kukua. Mapema katika miaka ya 1920 ulikuwa na wanachama zaidi ya nusu milioni. Hujivunia kumhesabu miongoni mwao Rais Theodore Roosevelt, yule yule aliyeshuka Mombasa Aprili 1909 kuja kuwinda.

Kisha bima za makampuni, msaada wa serikali, redio na sinema viliwaondolea watu haja ya kuketi kuuzunguka moto wa baraza. Kifungu cha ubaguzi kilifutwa mwaka wa 1974, wakati ambapo kumbi nyingi zilikuwa zimekwisha kufungwa. Kufikia 2011 wanachama walikuwa takriban 15,000. Makao makuu yako Waco, Texas, na miongoni mwa kazi ambazo udugu huo na tawi la wanawake wamezifanya katika miaka ya karibuni ni kuchangisha fedha za kupambana na ugonjwa wa Alzheimer, unaowapotezea wazee kumbukumbu.